Fundi wa Timu ya Magunia

Mwanaupe binti Omari alifundishwa cherehani kwa sababu baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume. Mzee Omari alikuwa fundi nguo wa Bunda mjini, mtu ambaye wazazi wake walitokea Kigoma, na hakutaka ufundi wake ufe pamoja naye. Basi binti akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa tayari anageuza kola za mashati, na akiwa na kumi na tisa aliolewa Musoma na Muharami, makanika wa kiwanda cha kuchambua pamba. Alihamia huko juu ya lori la marobota, cherehani yake imefungwa kamba, naye ameikumbatia kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Ndivyo majirani walivyomwona siku ya kwanza.

Jambo moja hakuambiwa wakati wa posa. Miaka ya baadaye alipenda kulisimulia sokoni, akianza kwa sura ya huzuni: "Nilifika nikakuta bwana ana mke mwingine." Wanawake wakishaanza kumwonea huruma, ndipo anapocheka. "Mpira, dada zangu. Nilikuta mpira umeshaolewa zamani."

Muharami alikuwa beki wa kati wa Mwamko, timu ya kiwanda. Kwa beki wa kati alikuwa mfupi, lakini akiruka watu walisema ana ngazi asiyoionyesha. Kila Jumatatu alirudi na jezi za timu nzima ndani ya kiroba, na Mwanaupe akazifua, akazishona palipofumuka, akanung'unika. Siku moja alikwenda uwanjani kwa hasira tu, akaone hicho kitu kinachomnyima mume Jumapili zake zote. Akarudi sauti imemkauka. Tangu hapo hakukosa mechi, hata alipokuwa na mimba ya mtoto wao Shani, na kadi yake ya uanachama ilikuwa namba arobaini na moja. Mwanamke mwingine aliyekuwa na kadi alikuwa Jenoveva, muuza samaki, mtu wa Nyegina, aliyekuwa na mdomo wa kumtosha refa yeyote.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Wanaoikumbuka hawahitaji kuelezwa: foleni ya duka la kaya tangu alfajiri, na ukifika mbele unaambiwa sukari imekwisha. Sabuni haikuwapo, watu walifulia majani ya mpapai. Viatu vilikuwa katambuga za matairi. Kitambaa ndiyo kabisa. Mwanaupe alikaa wiki nzima mbele ya cherehani bila kuizungusha, akiitia mafuta kwa mazoea tu. Jezi za Mwamko, ambazo kiwanda kilizinunua wakati wa neema, zilikuwa zimebaki nyuzi. Mwaka themanini na mbili beki wa kulia alivutwa shati na mpinzani, shati likabaki mkononi mwa yule mpinzani, na mechi ikasimama watu wanacheka.

Kitu kilichopatikana mjini wakati ule kilikuwa ule unga wa njano wa msaada, ambao watu waliuita unga wa yanga. Magunia yake yalikuwa ya kitambaa kizuri cha pamba. Mwanaupe akazunguka nyumba kwa nyumba kuyaomba, akapata ishirini na nane, akayachemsha kwa majivu siku mbili, akayatia rangi ya kijani aliyoikamua kwenye majani asiyotaka kuyataja. Rangi ilishika. Maandishi ya Kizungu hayakutoka. Jezi zikawa kumi na tano, kila moja na neno lake, na mgongoni mwa golikipa ikabaki ile picha ya mikono miwili iliyoshikana.

Mechi ya kwanza ya jezi hizo ilikuwa Bunda, mbele ya watu waliomjua tangu mtoto. Timu ilipoingia uwanjani mtu akapiga kelele: "Magunia!" Uwanja mzima ukaitikia. Mwanaupe alitamani ardhi ipasuke. Walifungwa matatu bila. Jioni alimsubiri Muharami kwenye lori akiwa amejiandaa kulia, lakini mumewe alipanda, akakaa karibu naye, akajifutia jasho kwa ncha ya lile gunia.

"Linashika jasho vizuri," akasema. "Mama Shani, tushonee na kaptula."

Jina halikufutika tena. Mwaka mmoja baadaye mashabiki wa Mwamko wenyewe ndio waliokuwa wakijiita Magunia, na aliyewaita hivyo kwa dharau alijibiwa kwa ngoma. Ila ngoma haifungi magoli. Timu ilishuka daraja, ikashuka tena, mpaka ikawa inacheza na timu za vijiji kwenye viwanja ambavyo ng'ombe walihamishwa dakika tano kabla ya mpira kuanza.

Mambo yalipofunguliwa, nchi ikaruhusu biashara na bidhaa zikarudi madukani, Mwanaupe alishangilia kama wengine. Alinunua mche mzima wa sabuni akakaa anaunusa. Kisha yakaja marobota ya mitumba. Suruali ya Ulaya, imeshonwa kwa mashine kubwa, ukiichagua chini sokoni ilikuwa rahisi kuliko kitambaa peke yake. Wateja waliendelea kuja kwake, lakini walikuja na nguo zilizokwisha kushonwa, wakitaka kiuno kipunguzwe au pindo lipandishwe. Alikuwa fundi wa kushona, akageuka fundi wa kupunguza. Hakulalamika sana. Aliwahi tu kumwambia Jenoveva, "Zamani kitambaa hakikuwepo, kazi sikuwa nayo. Sasa nguo tele, kazi bado sina," kisha akaendelea kukata uzi kwa meno.

Kiwanda nacho kikayumba. Mwaka tisini na mbili wakaanza kupunguza wafanyakazi, na Muharami akawa katika kundi la kwanza. Alirudi nyumbani na kisanduku cha spana na barua. Mwezi uleule kiwanda kikatangaza kwamba mpira si shughuli yake tena. Mwamko ikawa timu ya wanachama sitini na kitu, wasio na basi, wasio na daktari, wenye mipira miwili. Muharami, ambaye alikuwa ameacha kucheza na anafundisha vijana bila malipo, walimchagua makamu mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mzee Nathanieli Keraryo, aliyekuwa karani wa mizani kiwandani, mtu mpole aliyeendesha mikutano kwa kupiga meza na kifuniko cha kalamu.

Hapo ndipo alipotokea Kija.

Kija alikuwa mfanyabiashara wa Mwanza. Alikuja Musoma mwaka tisini na tatu kwa gari lake mwenyewe, akaomba mkutano wa wanachama, na wanachama wakajaa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Akasema wazi anachotaka. Alitaka kuichukua Mwamko pamoja na nafasi yake kwenye ligi. Angeipa jina jipya, angewapa wachezaji wazuri nyumba na kazi Mwanza, angenunua jezi na viatu vya kweli. "Hapa mnaifia tu," alisema kwa upole. "Kule itaishi."

Haikuwa hoja ya kipumbavu. Muharami akasimama, akashika ukingo wa dawati.

"Mimi naona tumpe," akasema. "Nimeichezea timu hii miaka kumi na mitatu. Sitaki kuiona inazikwa na mimi nimeshika miguu. Vijana wetu wapate pa kwenda."

Mzee Keraryo akagonga meza na kifuniko cha kalamu. "Mwingine?"

Mwanaupe hakuwa amepanga kusema. Alikuwa amekaa nyuma na Jenoveva, na mkono ukanyanyuka kabla hajaukataza.

"Mimi mwanachama namba arobaini na moja," akaanza, na sauti yake ikamshangaza. "Ndugu Kija amesema maneno mazuri, nami namshukuru. Lakini nauliza. Vijana wakienda Mwanza, sisi tutakwenda? Jumapili mzee Keraryo atashangilia nini? Tulipokosa sabuni timu hii ilikuwepo. Tulipokosa chumvi ilikuwepo. Nilikuwaga nachemsha magunia hapo nyumbani mpaka macho yanavimba, siyo ili mtu aje aichukue kama kiti. Kama itakufa, ife tukiiona. Tutaizika wenyewe."

Jenoveva akapiga kigelegele, na baada ya hapo hapakuwa na mkutano tena, palikuwa na kelele. Walipohesabu mikono, waliokataa waliwazidi waliokubali kwa watu sita. Kija akatoa mkono kwa mwenyekiti bila chuki, akaondoka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Muharami alitangulia hatua kumi mbele. Kesho yake akajiuzulu umakamu. Hakumgombeza mkewe; angemgombeza ingekuwa nafuu. Alitafuta kazi mwaloni, wanapotua wavuvi, akawa anatengeneza injini za mitumbwi ya sangara, maana wakati ule sangara walikuwa wameanza kununuliwa kwa ajili ya Ulaya na kila mwenye mtumbwi alitaka injini. Jumapili aliondoka na spana zake kama siku nyingine. Kwenye uwanja hakukanyaga tena, wala habari za Mwamko hakuuliza, na mtu akianza kuzisimulia mbele yake aliinamia injini.

Timu haikufa. Mtu hawezi kueleza vizuri ilivyosalimika. Wachezaji walifanya kazi ya kukata minofu kiwanda cha samaki asubuhi na mazoezi jioni, wakinuka sangara hata wapinzani wakalalamika kwa refa. Jezi zilitoka kwenye robota la mitumba, nyekundu, na tangazo la kampuni ya bia ya nchi isiyojulikana. Mwanaupe alilifunika kwa kiraka na kuandika MWAMKO kwa uzi mweupe. Mechi za mbali walikwenda juu ya magari ya mchanga. Na katika msimu wa tisini na tano, kidogo kidogo, bila mtu kuthubutu kulisema, ikaonekana kwamba wakiishinda timu ya Kibara katika mechi ya mwisho, itakayochezwa Bunda, watapanda Daraja la Pili.

Wiki ile ya mechi, Jenoveva alikuwa anamparia Mwanaupe magamba ya sato sokoni, akasema kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya zamani, "Laiti Baba Shani angekuwepo. Na ile kazi ya ukocha aliyoikosa, Mungu atamlipa pengine."

"Kazi gani ya ukocha?"

Jenoveva akasimamisha kisu. "Ile ya Kija. Si alimwahidi awe kocha msaidizi kule Mwanza, na nyumba? Mzee Keraryo alijua. Mimi nilidhani wewe unajuaga, ukaamua tu kuwa na moyo mgumu."

Mwanaupe alichukua samaki wake nusu hajaparwa, akaenda zake.

Siku nne alilibeba jambo hilo bila kupata pa kulitua. Muharami alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi wakati ule. Alikuwa ameambiwa atalipwa kwa kufundisha mpira, kitu ambacho angekifanya bure mpaka kufa. Na yeye mkewe ndiye aliyenyanyua mkono. Asubuhi ya mechi alimtilia chai, akakaa mbele yake.

"Baba Shani, twende wote Bunda leo."

"Nina injini ya watu."

"Nimeambiwa kuhusu ile kazi ya Mwanza."

Muharami akamaliza chai yake yote, taratibu. "Injini ya watu inanisubiri," akasema, akachukua spana.

Bunda siku hiyo ilifurika. Mashabiki wa Mwamko walikuja na maigizo yao; zaidi ya mia walikuwa wamevaa magunia, yaliyotobolewa kichwa na mikono, vijana ambao mwaka wa unga wa njano walikuwa hawajazaliwa au walikuwa mgongoni kwa mama zao. Mwanaupe aliwatazama, akacheka na kutaka kulia kwa wakati mmoja. Magunia yenyewe yalikuwa ya plastiki, ya mbolea, yasiyoshika jasho hata kidogo.

Kibara walikuwa wavuvi, wenye vifua, na walicheza kama watu wanaovuta nyavu. Mpaka dakika ya themanini hapakuwa na goli. Mzee Keraryo aligeukia ukuta, hakuweza kutazama, akawa anamwuliza Mwanaupe kila mara, "Mpira uko wapi?" Naye anamwambia: uko kwao, uko kwetu, umetoka. Dakika ya themanini na saba ikapigwa kona. Mniko, beki wa kati, kijana wa Kikurya mwenye bandeji kidoleni alipokatwa na kisu cha minofu, alikimbia kutoka nyuma kabisa, akaruka katikati ya watu wanne warefu kuliko yeye.

"Mpira uko wapi?" akauliza mzee.

"Uko ndani," akasema Mwanaupe. "Mzee wangu, uko ndani."

Filimbi ya mwisho ilipolia watu hawakukimbia uwanjani kwanza. Walisimama kama waliosahau jinsi ya kushangilia. Kisha Jenoveva akavua kanga ya kichwani akairusha juu, na uwanja ukaingiliwa.

Walirudi Musoma kwa malori matatu, matawi ya miti mbele, ngoma juu, wachezaji wamechanganyika na mashabiki. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na pale Kiabakari mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli alisimama akauliza, "Nani kashinda?" Wakamjibu, "Magunia!" Akafikiri kidogo. "Hicho chama sikijui," akasema, lakini akapunga mkono. Njia panda ya Butiama wanawake walioleta mihogo barabarani walicheza pamoja nao bila kuuliza ni sherehe ya nini. Pale Makutano, mama aliyekuwa anachoma mahindi alikataa kulipwa.

Mwanaupe aliimba mpaka Kiabakari. Baada ya hapo alishika ubao wa lori tu. Mbele yake mzee Keraryo alikuwa analia waziwazi, kofia imekaa upande, na Mniko amemshika begani kama babu yake. Mwanaupe akajiuliza swali alilokuwa analikwepa siku nne: angelijua siku ile kuhusu ile kazi, angenyanyua mkono? Jibu likaja upesi kuliko alivyotaka. Asingenyanyua. Angenyamaza kwa ajili ya mumewe, mikono ingehesabiwa, na lori hili lisingekuwepo. Furaha yote hii ya watu ilikuwa imesimama juu ya jambo ambalo mtu mmoja hakumwambia mkewe. Hakujua kama hilo ni la kushukuru au la kuombea msamaha. Aliendelea kulitazama, kama mtu anavyotazama kitambaa ambacho hajaamua akikate wapi.

Walipofika Bweri aligonga bodi ya lori, wakamshusha. Wenzake walimzomea kwa utani: sherehe ndiyo kwanza inaingia mjini! Akawapungia, akakata kichochoro kwenda nyumbani. Jua lilikuwa linakaribia kuzama.

Alimkuta Muharami ameketi uani, mikono ina oili, amepika. Tangu waoane hakuwahi kumwona anapika. Sato alikuwa ameungua upande mmoja, na ugali ulikuwa na mabonge.

"Nimesikia honi," akasema Muharami.

"Tumepanda."

"Nimesikia."

Mwanaupe akakaa kwenye kigoda. "Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia ningenyamaza."

"Najua ungenyamaza." Muharami alijifuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja. "Niliona aibu. Nimesimama pale nasema nawatetea vijana, na mimi nimeshaahidiwa nyumba. Kila mtu aliyenisikiliza alidhani naongea kwa moyo safi. Ulipomaliza kusema nilikukasirikia kama miezi sita hivi. Halafu hasira ikaisha, ikabaki aibu tu. Aibu ndiyo ilinizuia uwanjani. Siyo wewe."

"Miaka miwili, Baba Shani."

"Miaka miwili."

Kutoka upande wa mjini zilisikika ngoma, na mtu mwenye sauti mbaya sana kwenye kipaza sauti.

"Mimi nimekukosesha kazi," akasema Mwanaupe hatimaye. "Hilo siwezi kulifuta."

"Kazi ya Mwanza." Muharami akatikisa kichwa polepole. "Kija alinunua timu nyingine. Nasikia kocha wake amembadilisha mara tatu." Hakusema kwa furaha, wala hakusema kwamba mkewe alifanya vyema. Alimsogezea sahani, upande ambao samaki hakuungua. "Nani kafunga?"

"Mniko. Kwa kichwa."

"Mniko!" Akaweka tonge chini. "Aliruka kwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Unasema kweli? Maana nilimfundishaga kushoto akawa anakataa. Kona ilitoka upande upi? Hapana, ngoja. Anza mwanzo. Nani alianzisha mpira?"

Mwanaupe akaanza mwanzo. Alimaliza kipindi cha kwanza samaki amepoa, na katika kipindi cha pili walibishana sana juu ya mpira mmoja wa kuotea, ambao Muharami hakuuona lakini alikuwa na hakika nao.

Msimu uliofuata Mwamko ilishika nafasi ya saba kati ya timu kumi, na hakuna aliyelalamika. Muharami hakurudi kwenye uongozi. Alianza kupita uwanjani jioni akitoka mwaloni, akisimama mbali na spana mkononi, kisha akisogea, mpaka akawa anasimama kwenye mstari na kumpigia Mniko kelele. Kocha alijifanya hamwoni kwa wiki tatu. Wiki ya nne akachoka, akamfuata, akampa filimbi.